Aliyechonga Hachomi

Mama Neema alinipigia simu asubuhi moja kuniambia kwamba arobaini ya mumewe imekaribia, na kwamba marehemu aliacha neno linalonihusu. Nilikuwa hapa Kilosa kwenye karakana yangu, nimeinamia geti la mteja. Kwamba Fundi Gaspari amekufa nilikuwa nimeshasikia. Habari ilinikuta mezani, nikamaliza chakula changu kama siku nyingine yoyote, na mazishini sikwenda. Sasa mjane alikuwa ananiambia, kwa ile sauti yake ya upole ambayo imeniudhi tangu usichana wangu, kwamba mumewe siku za mwisho aliagiza msalaba wake uwe wa chuma, usiwe wa mbao wala wa saruji, na akasema, "Kingo achonge Asumpta, achome Deo." Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilipokata simu nilicheka mpaka mafundi wangu wakazima mashine wakanitazama. Mtu yuko kaburini, na bado ananipangia kukaa kwenye kingo.

Nieleze kwa asiyeijua kazi yetu. Wapita njia wakiona cheche hudhani kuunga chuma ni zile cheche. Kazi iko kabla. Ukichukua vyuma viwili vinene, ukavikutanisha hivi hivi na kuvichomea juu, vinashikana ngozi tu. Ndani bado ni vyuma viwili visivyojuana, na siku ya mzigo mzito vitaachana. Kwa hiyo kwanza unakata ukingo wa kila kimoja mshazari, ili vikikutana patokee kibonde, na chini ya kibonde unaacha mwanya mwembamba moto upate kufika mpaka chini kabisa. Kisha unaondoa kutu, rangi, grisi na matope, kwenye ukingo wenyewe na kandokando yake, mpaka chuma king'ae. Hiyo ni kazi ya grenda, tupa, brashi ya waya na kitambaa chenye petroli. Inakupa mgongo mbovu na kikohozi cheusi, na ikiisha hakuna atakayeiona tena, kwa sababu inafunikwa. Mchomaji anasifiwa kwa mstari wake mzuri. Mchongaji anaambiwa afagie.

Gaspari alikuwa na sheria moja katika gereji yake pale Mikumi, nayo ilikuwa hii: aliyechonga hachomi. Alisema mtu akijua kwamba atachoma mwenyewe, atajionea huruma. Atasema hiki kikutu kilichobaki moto utakimaliza. Basi lazima wawe wawili. Mchongaji akimaliza anaita, "Pako wazi." Mchomaji anakuja, anainama, anapitisha kidole kwenye kibonde, na akiridhika anajibu, "Nimepaona." Hapo ndipo mchongaji anasema, "Choma." Kabla ya neno hilo hakuna anayegusa, hata kama mteja anapiga honi barabarani. Na baada ya "nimepaona," kiungo kile ni cha mchomaji, kikishika ni chake na kikikatika ni chake. Ni sheria nzuri. Nasema hivyo kwa kinyongo, kwa sababu ndiyo ninayoitumia hapa kwangu mpaka leo.

Nani alinizaa, shule iliishia wapi, na nini kilinifikisha Mikumi, hayo nayaacha. Inatosha kwamba nilifika nikiwa na mfuko wa nguo na mikono yenye nguvu, nikasimama mbele ya gereji iliyokuwa kando ya barabara kuu, nikaomba kazi ya kuchomelea. Gaspari alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye masharubu yaliyoungua upande mmoja. Nilimwamkia shikamoo. Aliiacha ikaning'inia hewani mpaka alipomaliza kufunga bolti yake, ndipo akasema, "Marahaba. Mwanamke anachomelea nini?" Nikasema chuma. Wanaume waliokuwepo wakacheka, na yeye hakucheka. Akaniambia, "Utakaa kwenye kingo mwaka mzima. Ukivumilia, nakupa mkono." Mkono ni kile kibano kinachoshika rodi ya kuchomea. Siku ile niliutaka ule mkono kuliko nilivyopata kutaka mume, kabla au baada. Nikasema nitavumilia, na nilikuwa na maana hiyo.

Alinipa chumba nyuma ya gereji, kilichokuwa ubavuni mwa nyumba yake. Kati ya kitanda changu na sebule yao palikuwa na bati moja tu, tena la zamani, lenye matundu ya misumari. Nilijua walichokula kwa harufu na walichogombania kwa maneno. Malori ya Iringa na ya Zambia yalipopanda gia pale nje, kikombe changu kilitembea chenyewe mezani. Asubuhi nyani walishuka juu ya paa kutafuta maganda, na Mama Neema aliwafukuza kwa mwiko, akiwatukana kwa upole. Alikuwa na upole wa kila kitu, yule mama. Alinipa shuka, alinipa ndoo, akaniambia nikiumwa nimwambie. Mumewe aliponitukana mbele yake, alitazama kando kwa upole huo huo.

Chakula cha mchana tulikula kwa Bi Mwajuma, jirani wa gereji, aliyekuwa anapika chini ya turubai la bluu. Wali, maharage, mchicha, na dagaa siku ambazo dagaa walikuwepo. Gereji nzima waliniita Msasa. Bi Mwajuma peke yake alikataa jina hilo. "Huyu ana jina lake," aliwaambia wanaume. "Asumpta, njoo." Aligundua kwamba napenda ukoko, ule wali mkavu wa chini ya sufuria, akawa ananiwekea kwenye kisahani na kukifunika kwa kawa watu wengine wasiuone. Madereva walizungumza juu ya mizani na wake zao, na yeye alizungumza juu ya mwanawe Hamisi, utingo, ambaye alikuwa anazunguka na matela ya mizigo vijijini na alikuwa na mchumba kule Mamboya. Mama akimtaja Hamisi anaacha kupakua. Watu walilalamika njaa huku yeye ameshika upawa, anaeleza jinsi mwanawe alivyoongezewa mzigo wa mahindi bure kwa kuwa ana adabu. Kivuli cha turubai lile ndicho mahali pekee pa Mikumi ambapo mtu aliniuliza kama nimeshiba.

Gaspari alikuwa mkatili kwa namna yake, na sikuwahi kuona nyingine inayofanana nayo. Hakupiga. Alikuwa na leso nyeupe, safi, iliyofuliwa na mkewe kila jioni. Nikiita "pako wazi," alikuja kabla ya mchomaji, akapitisha leso kwenye kibonde changu, na ikipata doa aliitupa usoni pangu. Nilijifunza. Baada ya miezi michache leso ilianza kutoka nyeupe, na hilo likamuudhi zaidi ya doa. Siku moja niliandaa fremu ya lori, kingo zote zikang'aa, akapitisha leso mara mbili na hakupata kitu. Akaitazama. Akachukua kopo la oili chafu lililokuwa karibu, akaimimina juu ya kazi yangu taratibu, kama mtu anayemwagilia maua. "Anza upya," akasema. Nikamuuliza kosa langu. "Hukunisalimia asubuhi." Nilikuwa nimemsalimia, yeye ndiye hakuitika. Nilianza upya. Leo kuna watu wananiambia kwamba ukali ule ndio ulionifanya fundi. Wanaosema hivyo hawajawahi kufuta oili ya mtu kwa matambara huku wanaume wanakula karanga na kuwatazama.

Halafu akaja Deo. Alikuwa mtoto wa dada yake Gaspari kutoka Kidete, mrefu, mcheshi, mwepesi wa kupendwa. Vuli ilimkuta anabeba maji ya kunawa, masika yakamkuta amevaa kioo cheusi, ameshika mkono. Hakukaa kwenye kingo hata wiki. Nilikwenda kwa Gaspari nikamuuliza. Akanijibu bila kugeuka, "Kila mtu na saa yake, Msasa." Sikumchukia Deo wakati ule. Alinigawia sigara, ambazo sikuvuta, na alisema wazi kwamba kazi ya kuchonga asingeiweza. Kasoro yake ilikuwa moja. Nilipoita "pako wazi," alisema "nimepaona" akiwa bado amesimama, uso umeelekea barabarani, ambako kila basi lililosimama lilikuwa na wasichana wa kuwauzia maneno. Nilimwambia ainame. Alisema, "Dada, kazi yako naiamini." Ilionekana ni heshima.

Mwaka wangu ulikuwa umekaribia kwisha lilipoletwa tela la trekta, la mfugaji mmoja mzee wa huko tambarare, aliyekuwa ameanza kulikodisha kwa wakulima. Shingo yake ilikuwa imepasuka, yaani pale chuma kirefu kinachofungwa kwenye trekta kinapoungana na fremu. Mzigo wote wa tela unavutwa na sehemu hiyo moja. Nilikata ufa wote, nikachonga kingo pande mbili, nikaacha mwanya sawasawa kuanzia juu hadi chini, nikasugua mpaka nikajiona uso. Sijawahi kuchonga kibonde kizuri kama kile. Nilijua kwamba Gaspari akikiona hatakuwa na pa kukimbilia, mkono atanipa. Lakini siku ile Gaspari alikuwa msibani, na mfugaji alikuwa amesimama na fimbo yake anasema mahindi yanasubiri shambani. Nikaita. Deo akaja na kioo kichwani. "Nimepaona," akasema, na macho yake yalikuwa yanafuata basi. Nikasema, "Choma." Sheria ilitimia kama ilivyotakiwa. Alichoma haraka, moto mdogo, mstari ukatoka mzuri mno kwa juu. Wakapaka rangi nyekundu, tela likaondoka.

Lilikatika kwenye mteremko wa kuelekea kijiji cha Ulaya, limejaa magunia. Trekta likaenda mbele na tela likarudi nyuma, likapinduka. Utingo aliyekuwa amekaa juu ya magunia alikuwa Hamisi wa Bi Mwajuma. Alivunjika nyonga. Hakufa, na watu walipenda kusema hivyo, hakufa, kana kwamba hapo ndipo habari ilipoishia. Kesho yake ile shingo ililetwa gerejini ndani ya pikapu, na pikapu ilifuatwa na watu. Mfugaji aliiweka chini mbele ya Gaspari. Akauliza, kwa utulivu ambao ulitisha kuliko kelele, "Nani alifanya hapa?"

Nilisogea nikaona, na Gaspari akaona, na Deo akaona. Chuma kilichokatika kinasema chenyewe. Mchomo wa Deo ulikuwa umebanduka mzima, kama mkate wa kumimina unavyotoka sufuriani, na chini yake kingo zangu zilikuwa vile vile nilivyoziacha: zinang'aa, mistari ya grenda yangu bado inahesabika, hakuna mahali moto ulipoziyeyusha. Hakufika chini. Alipaka juu tu. Mtu yeyote aliyewahi kushika mkono angelisoma hilo akiwa amesimama mbali. Nikafungua mdomo kusema, na Gaspari akaninyooshea kidole. "Huyu," akamwambia mfugaji. "Huyu ndiye aliyeandaa. Chuma kichafu hakishiki moto." Kisha akachukua grenda. Mbele ya watu wote, mchana, akaiwasha na kuipitisha juu ya zile kingo, kwa nguvu, cheche zikawarudisha watu nyuma, huku anasema, "Njooni muone jinsi chuma kinavyosafishwa. Tazama, Msasa. Hivi." Alipozima, mistari yangu ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni usafi wake. Deo alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikuwa nimelala na homa upande wangu wa bati. Walikuwa wanakunywa chai upande wao. Nilimsikia Mama Neema akisema, "Baba Neema, yule binti alikuwa hajasafisha kweli?" Kijiko kikazunguka kikombeni. "Alisafisha. Deo hakufika chini." "Sasa mbona umemtaja yeye?" "Deo nilikabidhiwa na dada yangu mkononi. Nitamwambia nini? Yule binti ataondoka, atakwenda kwao." "Hana kwao hapa." "Ndiyo maana." Nilisubiri. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimeuma shuka, nikisubiri yule mama mpole aseme neno moja. Akasema, "Chai yako imepoa." Nimesikia matusi mengi maishani, mengine ya mume wangu wa kwanza ambaye alikuwa na kipaji. Hakuna lililoniingia kama lile la chai.

Jumatatu nilikwenda kwa Bi Mwajuma. Alikuwa amerudi kutoka hospitali, macho mekundu, anakoroga maharage. Nilimwamkia, akaitika, maana kutoitika shikamoo lilikuwa jambo asiloliweza. Nikaanza kumweleza. Nikasema kingo zilikuwa safi. Akaacha mwiko. "Mwanangu amelala amefungwa mguu juu kama mbuzi," akasema, "na wewe unanitajia kingo?" Nikasema muulize Deo. "Deo amekuja hospitali na maziwa. Wewe umekuja na nini?" Wanaume walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wanasikiliza. Bi Mwajuma akachukua kile kisahani changu cha ukoko, akaumwaga kwa kuku. "Usile tena hapa, Tela," akasema. Jina hilo lilinishika siku hiyo hiyo. Kufika jioni madereva walikuwa wanalijua, na kufika mwisho wa mwezi lilikuwa limefika Kilosa kabla yangu, kwa sababu nilipokuja kutafuta kazi huku mtu wa kwanza aliniuliza, "Wewe ndiye Tela wa Mikumi?" Neno langu dhidi ya la fundi mwenye gereji lingekuwa na uzito gani? Niliondoka bila kuaga. Mkono niliupata hapa Kilosa, kwa mwingine, na baadaye nikawa na gereji, mashine zangu na watu wangu. Lakini Mikumi nikipita kwenye basi, nilikaa upande wa dirisha usiotazama ile gereji.

Kwa hiyo kwa nini nilikwenda arobaini? Mafundi wangu waliniuliza hivyo, na mmoja akasema labda nimemsamehe marehemu. Nilimpa kazi ya kusugua tangi bovu siku nzima. Nilikwenda kwa sababu Gaspari, katika kutaka kunikalisha kwenye kingo mara ya mwisho, alisahau kitu. Katika sheria yake mchongaji ana neno lake, na mchomaji hawezi kugusa kabla ya neno hilo.

Niliteremka Mikumi jua likiwa limepanda, nimebeba grenda yangu mwenyewe. Gereji sasa ni ya Deo. Amenenepa, ana mvi, na ana tabasamu lile lile. Uani kulikuwa na maturubai, viti, katekista na kitabu chake, na kwenye mafiga makubwa alikuwepo Bi Mwajuma, amekonda, bado ameshika mwiko, anasimamia wali wa watu wote. Hamisi alikuwa anapanga viti. Sasa ni baba mtu mzima, na kila hatua anaizungusha ile nyonga kwanza ndipo mguu ufuate. Nilisikia mwanamke akimnong'oneza mwenzake, "Kumbe Tela amekuja." Bi Mwajuma alinitazama mara moja, akageukia sufuria. Mama Neema alinikumbatia. "Umekuja, mwanangu," akasema. Nikamwambia, "Chuma kiko wapi?"

Msalaba hauna mengi: mhimili na mikono miwili inayokutana nao katikati. Niliviweka vyuma kwenye jiriwa, nikachonga. Sikuharakisha. Wazee walianza kutazama saa, katekista akafunga na kufungua kitabu, na mimi nikapitisha tupa, nikapitisha brashi, nikafuta kwa petroli, nikapuliza. Nitasema ukweli, nilichonga vizuri kuliko alivyostahili yule mtu. Mkono wangu haujui kuchonga vibaya hata nikiuomba. Kisha nikasimama nikaita, "Pako wazi."

Deo alikuja na kioo kichwani, akipokea simu. "Nimepaona, dada."

"Hujapaona. Inama."

Alicheka kidogo, akaona kwamba sicheki, akaweka simu mfukoni na kuinama. Akapitisha kidole. "Nimepaona," akasema, polepole sasa. Akashika mkono, akashusha kioo, akasubiri. Watu walikuwa wamesogea, kwa maana ile sheria ya Gaspari pale Mikumi kila mtu aliijua, na ilikuwa sehemu ya sifa zake. Nikakaa juu ya fuawe. Deo akainua kioo. "Dada, sema basi. Watu wanasubiri kwenda makaburini."

"Na pa tela ulipaona?"

Wengine hawakuelewa. Bi Mwajuma alielewa, mwiko ulisimama. Mama Neema akaja haraka, akanishika bega. "Mwanangu, leo siyo siku yake."

"Mama," nikamwambia, na sauti yangu ilitoka mbaya, sikuizuia, "nyumba yenu ilikuwa ya bati. Nilikuwa upande wa pili. Nilisikia yote, mpaka chai ilipopoa." Aliuondoa mkono wake begani mwangu. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza sikuona upole juu yake. Nilifurahi, na sijutii kufurahi.

Deo alikuwa anatoka jasho. "Nilikuwa kijana," akasema. "Mjomba aliniambia ninyamaze."

"Sijakuuliza ya mjomba. Nimekuuliza kingo. Zilikuwaje?"

"Dada, tafadhali."

"Basi msalaba utalala hapa. Mimi sina haraka, na yeye hana." Katekista alikohoa. Hakuna aliyenipinga. Mtu yuko radhi kuvunja sheria ya fundi aliye hai, lakini nani avunje ya maiti siku ya arobaini yake?

"Zilikuwa safi," Deo akasema akitazama sakafu.

"Hamisi yuko kule. Mwambie yeye."

Alivua kioo kabisa. Akageuka. Hamisi alikuwa amesimama na kiti kila mkono. "Kaka Hamisi," Deo akasema, "Asumpta alisafisha. Zilikuwa zinang'aa. Mimi sikutazama, nilisema nimepaona na sikutazama. Moto haukufika chini. Mjomba alijua. Alisaga pale ili msione."

Hamisi aliweka kiti kimoja chini, akakikalia, mguu mbovu ukiwa umenyooka mbele. "Kila nikipita hapa unaninunulia soda," akamwambia Deo. "Nilikuwa nadhani unanipenda."

"Choma," nikasema.

Deo alichoma, na alichoma vizuri. Nilipogonga ganda la juu ya mchomo na kutazama kwa nyuma, moto ulikuwa umetokeza upande wa pili, mstari mzima. Hilo nalo liliniudhi. Wanaume walibeba msalaba ukiwa bado wa moto, wameufunga magunia, wakaondoka na nyimbo. Mama Neema alipita mbele yangu bila kunitazama. Sikuwafuata makaburini. Gaspari na mimi tulikuwa hatudaiani salamu. Nilibaki uani, nikafunga waya wa grenda yangu, nikafuta tupa, nikatafuta mahali pa kunawa.

Bi Mwajuma alikuwa amebaki pia, na sufuria zake. Aliniletea maji kwenye kata, akanimiminia mikononi mwenyewe, mzee yule, akingoja weusi utoke kwenye kucha. Nikasema, "Shikamoo, mama." "Marahaba." Alinitazama mikono, hakunitazama uso. Alikwenda kwenye sufuria kubwa, akakwangua chini kwa muda mrefu, akarudi na kisahani kilichofunikwa kwa kawa.

"Asumpta," akasema, "umekula?"

Nilikuwa nimekula njiani, Ulaya, wali na samaki, nikashiba. Nikamwambia bado.